Kasi ya Elda

Mara ya kwanza Pascasie alipoisikia miguu ya Elda, alidhani ni mwenzake wa kikundi cha mbio aliyechelewa kuamka na sasa anamkimbilia. Ilikuwa Jumapili, kumeanza kupambazuka juu ya vilima vya Kizuka, na barabara ya lami inayoelekea Minago ilikuwa bado tupu. Ziwa lilikuwa kushoto kwake, kimya, rangi ya bati. Nyuma yake kidogo, upande wa ziwa, alisikia viatu vikigusa lami: mguu mmoja mwepesi, wa pili ukiburuza kama mtu anayefagia. Hakugeuka. Alisogea katikati ya barabara ili ampishe, akasema, "Amahoro. Pita tu."

Hakuna aliyepita.

Alipogeuka mwishowe, hakuona mtu. Barabara ilikuwa na ukungu mwepesi mpaka mahali inapopotelea kwenye michikichi. Ndipo alipoutambua ule mburuzo. Mguu wa kushoto wa Elda ulivunjika utotoni, kule Fizi, Kongo, ukaungwa vibaya, na kila alipokaza mwendo ulifagia ardhi namna ile. Na Elda alikuwa amekufa tangu wakati wa mvua, katika barabara hiyohiyo, mbele kidogo.

Pascasie alikimbia mpaka Minago bila kupunguza. Miguu ile ilikuwa naye njia nzima.

Walikuwa wamelelewa pamoja. Mama zao walivuka ziwa kutoka Kongo katika boti moja, wakapanga vyumba viwili ndani ya ua mmoja hapa Rumonge, na mama yake Pascasie alipofariki, mlango wa kati ya vyumba vile haukufungwa tena. Mama Elda aliwalisha wasichana wote wawili katika sahani moja. Walipokua walianika pamoja ndagala, wale dagaa wa ziwa, kwenye vichanja vya ufukweni, wakawageuza pamoja, wakafukuza kunguru pamoja. Elda alipojiunga na kikundi cha wakimbiaji wa Kocha Hassani, Pascasie naye akajiunga, kwa sababu hakujua namna nyingine ya kuimaliza Jumapili.

Elda alikuwa na kasi zaidi. Si sana. Alikuwa mbele kwa nusu hatua, lakini nusu hatua ile haikuisha kamwe, iwe mlimani, iwe kwenye tambarare. "Wewe nifuate tu," alikuwa akisema. Kwa hiyo Pascasie hakuwahi kujiuliza yeye mwenyewe anataka kukimbia kwa mwendo gani. Mwendo ulikuwa mgongo wa Elda, fulana yake ya njano iliyolowa jasho. Ukiuona mgongo karibu, unakwenda vizuri. Ukiuona mbali, kaza.

Siku Elda alipokufa, kichomi kilimshika Pascasie ubavuni. Elda aligeuka, akainua mkono kama kumwita, kisha akaingia kwenye kona iliyo kabla ya Minago, pale barabara inapobanwa kati ya mwamba na maji. Pascasie alisikia injini. Alisikia breki. Halafu alisikia injini tena, ikienda zake. Alipotokeza upande wa pili, Elda alikuwa amelala kwenye majani kando ya lami, uso umeelekea ziwani, kiatu kimoja kimemtoka. Gari lenyewe halikujulikana mpaka leo.

Alikuwa nyuma kwa kona moja tu. Kama asingepunguza mwendo, angekuwa pale. Labda angemvuta mkono. Labda wangelala wawili kwenye majani. Pascasie aliyapima mawazo hayo mawili kila siku akigeuza samaki, na hakuna hata moja lililokuwa jepesi kuliko lingine.

Hakukusudia kumwambia Mama Elda habari ya ile miguu. Lakini kila Jumapili baada ya mbio alipita kwake kunywa uji, na Jumapili ile alishindwa kushika kikombe.

"Mbona unatetemeka?" Mama Elda aliuliza. "Uko na malaria?"

"Hapana, Mama."

"Basi iko nini?"

"Nimemsikia Elda. Alikuwa anakimbia nyuma yangu."

Alitegemea kilio, au maombi. Mama Elda alikuwa mtu wa kanisa, na tangu mazishi alikuwa amebakiza maneno machache sana mdomoni. Badala yake aliweka mwiko chini, akavuta kigoda mpaka magoti yao yakagusana.

"Alikuwa anachoka?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hapana. Alikuwa anakimbia vizuri."

"Na mguu yake ile?"

"Unaburuza, kama zamani."

Mama Elda alijifunika uso kwa kitenge. Alipokifunua, macho yalikuwa yamelowa lakini alikuwa anatabasamu, na Pascasie hakuwa ameliona tabasamu lile tangu siku ya msiba.

"Kunywa, mutoto yangu," alisema. "Jumapili ingine utaniambia tena."

Ikawa hivyo. Kila Jumapili Mama Elda alimsubiri mlangoni, amevaa kitenge kizuri kana kwamba kuna mgeni anayekuja. Alianza kupika tena: sombe ya majani ya mihogo iliyotwangwa vizuri, samaki wa mukeke wa kukaanga. Kabla Pascasie hajafungua kamba za viatu, swali lilikuwa limeshatoka. "Alikuja?" Na Pascasie alijibu, "Alikuja." Mara moja aliongeza kwamba alimsikia akicheka. Haikuwa kweli. Lakini Mama Elda aliushika uwongo ule mdogo, akawa anaurudia akifua, akichota maji: "Alicheka, unajua. Mutoto yangu alicheka."

Kitu kimoja Pascasie hakumwambia. Elda hakuja kila wakati. Alikuja pale tu Pascasie alipokimbia kwa mwendo wa kuumia, pumzi ikimkwaruza koo, damu ikimpiga masikioni. Akipunguza kidogo, miguu ile ilififia, kama mtu aliyekata tamaa naye akabaki nyuma. Akikaza, ilirudi. Basi alikaza. Na kwa kuwa ilimjia upande wa ziwa, alikuwa akiiachia ukingo wa barabara, yeye anakimbia karibu na katikati. Mabasi madogo ya Bujumbura yalimpigia honi. Madereva walitoa vichwa wakamtukana kwa Kirundi na kwa Kiswahili.

Mwili ulianza kukataa. Alikuwa akimaliza theluthi ya mwisho ya mbio ndefu kwa kutembea, mapaja yamekuwa mbao. Kucha za vidole vya miguu zilikuwa nyeusi. Mchana alisinzia amesimama kwenye vichanja, samaki mkononi. Ile marathoni ya Bujumbura, ambayo yeye na Elda walikuwa wameiwekea nia kwa muda mrefu, ilikuwa inakaribia, na kila Jumapili alikuwa anakwenda umbali mfupi kuliko Jumapili iliyotangulia.

Kocha Hassani alimwita kwenye karakana yake. Alikuwa fundi seremala nyuma ya soko, mtu wa maneno makavu, aliyewahi kukimbia ujanani mpaka goti lilipomkatalia. Hakumpa hata kiti.

"Nimekutazama Jumapili mbili," alisema, akiendelea kupiga randa ubao. "Unakimbia kama mtu anayefukuzwa."

"Hakuna anayenifukuza, Kocha."

"Basi wewe ndiye unayefukuza. Vyovyote vile, hutafika." Aliweka randa chini. "Sikiliza, binti. Jumapili si siku ya mashindano. Mbio ndefu ni za kuufundisha mwili kukaa barabarani muda mrefu bila kuogopa. Ukiuchapa kila wiki, hautajifunza kukimbia. Utajifunza hofu tu."

"Nikimbie polepole kiasi gani?"

"Kipimo kiko mdomoni. Ukiweza kusema sentensi nzima, ukaimaliza bila kuikata katikati kutafuta pumzi, hiyo ndiyo kasi yako ya mbio ndefu. Ukiweza kuimba wimbo mzima, umelala. Ukishindwa kuongea, umejipoteza."

"Nitaongea na nani?"

"Na mimi," Hassani alisema. "Jumapili nitakuja."

Alikuja kweli, amekaa nyuma ya baiskeli ya Kabwe, mwanaume mkimya wa Minago aliyekuwa akibeba abiria na vikapu vya soko. Walitoka mjini kumepambazuka, Pascasie akikimbia ukingoni, baiskeli ikimfuata pembeni, na Hassani akimtupia maswali kama mtu aliyekuja kununua.

"Ndagala wa mwezi huu wakoje?"

"Ni wengi, lakini wadogo," Pascasie alijibu.

"Hiyo si sentensi ndefu. Kwa nini ni wadogo?"

Alilazimika kueleza. Kila alipohema katikati ya neno, Hassani alisema, "Punguza." Akapunguza. "Punguza tena." Aliona aibu. Wanawake waliobeba mihogo kichwani kwenda sokoni walimtazama kwa huruma, maana mwendo wake ulikuwa umeuzidi wao kidogo tu. Lakini pumzi ilimtulia. Mabega yalishuka yenyewe. Walipofika kwenye mashamba ya michikichi aligundua kwamba anasikia ndege, na kwamba hajawahi kuwasikia pale katika miaka yote ya kupita.

Miguu ya Elda hakuisikia.

Aliingia kwenye kona ile kwa mwendo uleule wa mazungumzo. Hassani naye alinyamaza. Upande wa kulia mwamba ulikuwa ukidondosha maji, na upande wa kushoto ziwa, ambalo miaka hii limepanda na kula sehemu ya ufuo, liliramba mawe karibu kabisa na lami. Majani yalikuwa yameota tena mahali pale, marefu, mabichi. Hapakuwa na kitu kingine. Ukimya ule ulimtisha Pascasie kuliko miguu. Alijiona kama mtu aliyepita mlangoni kwa ndugu yake bila kubisha hodi.

Alifika Minago, akageuka, akarudi Rumonge bila kutembea hata hatua moja. Hassani alishuka kwenye baiskeli akishika goti.

"Umeona?" alisema. "Una nguvu ya kwenda tena."

Ilikuwa kweli. Alikuwa na nguvu, na hakujua azifanyie nini.

Mama Elda alikuwa mlangoni. "Alikuja?"

"Leo hakuja, Mama."

"Hakuja?" Mama Elda alimtazama juu mpaka chini, kama anayetafuta kitu alichokificha. "Umemukosea nini?"

"Sijamkosea. Kocha amesema nikimbie polepole. Nikienda polepole, haji."

"Sasa ataenda wapi?" Mama Elda aliuliza. "Kama wewe hukimbie naye, ataenda wapi?" Akaingia ndani. Chakula kilikuwa mezani kimefunikwa. Hakuna aliyekifunua.

Jumapili iliyofuata Pascasie aliondoka mapema kabla Hassani hajafika, akakimbia kwa kasi ya Elda tangu nyumba za mwisho za mji. Miguu ilimjia mara moja, karibu kuliko siku zote, kana kwamba ilikuwa imemkosa. Alikimbia nayo akilia. Alipofika Kizuka alianguka mbele ya mtambo mdogo wa kukamua mawese. Wafanyakazi, mikono yao myekundu kwa mafuta, walimbeba kivulini wakammwagia maji. Mmoja alimuuliza alikuwa anakimbizwa na nani. Pascasie alimwambia aangalie barabarani kama kuna mtu. Yule mtu aliangalia, akarudi, akasema hakuna.

Mama Elda alipopata habari hakumkaripia. Alikaa karibu na kitanda chake muda mrefu, akimkanda miguu kwa mawese yenye moto kidogo.

"Jumapili ingine nitaenda mwenyewe," alisema mwishowe. "Kabwe atanibeba. Minataka kumusikia kwa masikio yangu. Mara moja tu, Pascasie. Utakimbia kama yeye, mara moja tu."

Pascasie alijua Hassani angesema nini. Alijua miguu yake ilikuwa inasema nini. Alimwangalia yule mama, ambaye mji mzima bado ulikuwa unamwita kwa jina la mtoto asiyekuwepo, akasema, "Sawa, Mama."

Tangu mazishi Mama Elda hakuwa amepita kwenye barabara ile. Alikaa nyuma ya baiskeli kwa upande, kitenge kimebanwa vizuri, mkono mmoja umeshika kiti cha Kabwe. Pascasie alianza taratibu, kisha akaongeza, akaongeza tena, mpaka Kabwe akalazimika kusimama kwenye pedali ili wasiachwe. Vilima upande wa Kongo vilikuwa vimeanza kuonekana ng'ambo ya maji. Karibu na kona pumzi yake ikawa msumeno, na ndipo akaisikia: mguu mwepesi, mguu unaofagia.

Aliinua mkono. "Mama!" alipiga kelele kwa pumzi iliyobaki. "Amekuja!"

Hakugeuka kuona. Alisogea ili kushoto kwake pabaki wazi, akaingia katikati ya lami, akakaza. Safari hii hataachwa nyuma. Safari hii wataingia kwenye kona pamoja, na kama kuna mkono wa kuvutwa, utavutwa. Mwamba ulimjia mbele. Alisikia miguu, alisikia damu, alisikia sauti ya Mama Elda nyuma yake ikiita jina, na hakujua ni jina lipi.

"Simama! Pascasie! Simama!"

Lori lilitokeza kwenye kona limejaa mikungu ya chikichi mpaka juu ya kabini. Honi ilijaa kila mahali. Pascasie alijirusha kulia, bega likagonga mwamba, akateleza kwenye mtaro wa maji. Lori lilipita karibu kiasi cha kumpepea nguo, chikichi chache zikadondoka na kubingirika barabarani. Halikusimama. Injini ikaenda zake.

Mama Elda alikuwa ameruka kutoka kwenye baiskeli kabla haijasimama. Alikimbia, yeye ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, kandambili moja imemtoka, akamkuta Pascasie ameketi mtaroni, akamshika uso, mabega, magoti, akihakikisha kila kiungo kiko mahali pake. Kisha akampiga kofi. Kisha akamkumbatia.

"Wawili hapana," alisema. "Mungu wangu, wawili hapana. Wawili hapana."

Walikaa hivyo mtaroni. Kabwe alisimamisha baiskeli akaenda kuokota zile chikichi barabarani moja moja, ili asiwatazame.

"Ulimsikia?" Pascasie aliuliza.

Mama Elda aliinua kichwa. Alikuwa anatazama ng'ambo ya barabara, yale majani marefu kando ya ziwa. Alikuwa hajawahi kupaona pale. Aliinuka, akavuka, akachuchumaa, akayagusa majani kwa kiganja kama mtu anayepima homa ya mtoto. Aliporudi, sauti yake ilikuwa imekauka.

"Nilisikia miguu yako," alisema. "Ukichoka, kushoto yako inaburuza. Ulimufuata miaka mingi, ukachukua mwendo yake. Iko wewe, mutoto yangu. Tangu mwanzo iko wewe."

Pascasie alimtazama machoni. Alimjua tangu utotoni. Alijua namna anavyosema kweli, na alijua namna alivyowaambia yeye na Elda, miaka ya njaa, kwamba ameshakula. Safari hii hakuweza kutofautisha.

"Kabwe," alisema, "wewe ulikuwa karibu nami zaidi. Ulisikia nini?"

Kabwe alisimama na chikichi mkononi. Alimwangalia Mama Elda kwanza.

"Mnyororo wa baiskeli hii unapiga kelele sana, dada," alisema.

Walirudi mjini kwa miguu, Kabwe akisukuma baiskeli.

Kwa muda wa wiki mbili Pascasie hakukimbia. Alipokwenda kumwambia Hassani, akamweleza yote, la miguu na la lori, alidhani atamcheka. Hassani alikuwa anapigilia msumari. Alimaliza kuupigilia.

"Mimi Muislamu, sina la kusema kuhusu wafu kutembea," alisema. "La kasi nimeshakwambia. Ile ilikuwa kasi ya Elda, na hata yeye nilimwambia ni kubwa mno kwa Jumapili. Hakunisikiliza. Alikuwa anataka kukuona umekaza." Alichukua msumari mwingine. "Rudi uanze na ya kwako."

Alianza. Na Jumapili ya kwanza alipotoka nje ya ua, alimkuta Mama Elda ameshakaa nyuma ya baiskeli ya Kabwe, safari hii amevaa viatu vya kufunga kwa kamba.

"Kocha amesema unapashwa kuongea," alisema. "Utaongea na mimi."

Lakini aliyeongea ni yeye. Mwanzoni mambo madogo, kuku wa jirani, ibada ya wiki iliyopita. Kisha, walipouacha mji, akaanza kusimulia. Alisimulia Elda alivyozaliwa njiani kuelekea hospitali, chini ya mti ambao sasa hakumbuki ni mti gani. Alivyovunjika mguu kwa kuruka kutoka kwenye paa la kanisa kwa sababu mtoto mmoja alimwambia hawezi. Alivyokataa kusema neno hata moja mpaka akawa mkubwa wa kutumwa dukani, na neno lake la kwanza likawa tusi. Pascasie alicheka mpaka ikabidi apunguze mwendo. Aliuliza maswali, sentensi nzima, na pumzi ikamtosha. Mengine alikuwa hayajui. Alikuwa amelala kitanda kimoja na Elda nusu ya maisha yake, na hayakuwahi kumfikia, kwa sababu barabarani alikuwa nyuma yake daima, na mtu hasimulii kwa mgongo.

Siku moja, hadithi ikiwa katikati, Pascasie aliona maduka ya Minago mbele yake. Alisimama ghafla.

"Mama," alisema. "Tumeshapita kona."

"Ndiyo," Mama Elda alisema.

"Sikuona."

"Mimi niliona." Mkono wake ulikuwa umekishika kiti cha Kabwe kwa nguvu mpaka vifundo vikawa vyeupe. "Niliona, nikaendelea kuongea."

Pascasie alishikwa na baridi, ingawa jua lilikuwa limeshapanda. Alikuwa amempita Elda. Alikuwa amempita akicheka. Na kurudi kulikuwa lazima, barabara ni hiyo moja. Walipoikaribia kona mara ya pili, Mama Elda aliikatiza hadithi. Pascasie hakukaza, hakupunguza. Maji yalikuwa yanadondoka kwenye mwamba. Ndani ya kifua chake kitu kiliomba aongeze kidogo tu, hatua chache za haraka, asikie kama yupo. Ingekuwa rahisi. Alihesabu pumzi badala yake, akapita, na kwa muda mrefu baada ya hapo shingo yake ilikuwa ngumu kama ya mtu aliyekatazwa kugeuka. Mama Elda hakumaliza hadithi ile. Hakuimaliza hata baadaye.

Marathoni ilifanyika Bujumbura wakati wa kiangazi. Mama Elda hakwenda. Alisema kuna samaki wa kuanika, na hilo lilikuwa kweli. Hassani alikwenda, akamshika Pascasie bega kabla ya kuanza, akamwambia neno moja: "Ongea."

Walipoanza, karibu watu wote walimpita. Aliwaacha. Alikimbia akisema maneno kwa sauti ndogo, majina ya samaki, majina ya vijiji kutoka Rumonge kuja juu, chochote chenye mwanzo na mwisho. Joto lilipozidi, alianza kuwafikia mmoja mmoja wale waliompita, wengine wanatembea, wengine wameketi ukingoni vichwa vimeinama. Miguu yake iliuma, lakini ilikuwa miguu. Haikuwa mbao. Karibu na mwisho alijua kwamba bado ana nguvu, akaziachia, akakimbia kwa haraka kwa mara ya kwanza tangu siku ya lori, pumzi ikikwaruza, damu ikipiga masikioni.

Alisikiliza. Hakuweza kujizuia. Kulikuwa na ngoma, watu wanapiga makofi pande zote mbili, mtangazaji anapiga kelele kwenye spika, viatu vya wengi mbele na nyuma yake. Aliukaza mwendo zaidi. Alisikiliza mguu wake mwenyewe wa kushoto, kama unaburuza. Uliinuka na kushuka safi, kama wa kulia. Basi mburuzo ule haukuwa wake. Au ulikuwa wake, na sasa mguu umepona. Alivuka mstari akiwa bado anaisikiliza ile miguu isiyokuja.

Alikaa chini kwenye vumbi akalia. Mtu alimvika shingoni medali ya waliomaliza, mwingine akampa maji. Mwanamke wa Bujumbura aliyekuwa amekaa karibu naye alimpigapiga mgongoni, akasema, "Lia tu, dada, hata mimi mara ya kwanza nililia. Ni furaha."

Pascasie alimshukuru. Hakumsahihisha. Kocha Hassani alikuwa anakuja akichechemea katikati ya watu, anapunga kofia yake, na Pascasie akajifuta uso kwa fulana, akaanza kujaribu kusimama.